Usichungulie: mbinu za siku ya risasi Namakwekwe

Kabla ya mlio wowote wa bunduki, Namakwekwe hapa Mbale husikia bati. Duka la kwanza kule barabarani linafungwa mlango wa chuma, la pili linafuata, kisha mstari mzima unalia kama mvua ya mawe inayokuja upande wako. Mwenye masikio huacha alichoshika na kuita watoto ndani. Wengine, na ndio wengi, hutoka nje kutazama kuna nini.

Makala haya ni ya hao wanaotoka kutazama. Anayekwenda kuandamana simgusi. Katiba ya Uganda, ibara ya 29, inampa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na ana wenzake wa kumfundisha. Nasema na fundi cherehani wa barazani, mama wa nyanya, mwanafunzi wa chuo aliyepanga chumba kimoja, na kijana wa boda boda aliyekuwa akingoja abiria tu. Nasema nao kwa sababu kwenye hesabu za waliokufa, wamo.

Jumatano ya tarehe 18 Novemba 2020 Robert Kyagulanyi, yule Bobi Wine, alikamatwa akiwa kwenye kampeni ya urais Luuka, huku huku mashariki, akapelekwa kituo cha Nalufenya mjini Jinja. Vijana wakaingia barabarani Kampala na miji mingine, matairi yakachomwa, polisi na jeshi wakatoka na risasi za kweli. Kwa siku mbili walikufa watu 54, na hiyo ni hesabu iliyotolewa na serikali yenyewe. Rais Museveni alipolihutubia taifa mwishoni mwa mwezi ule alikiri kwamba miongoni mwao wamo waliopigwa na risasi zilizopotea. Aprili 2011, wakati wa maandamano ya kutembea kwa miguu kwenda kazini, mtoto wa kike wa miaka miwili aliuawa kwa risasi Masaka. Mtoto wa miaka miwili hana chama. Septemba 2009, Kampala ilipowaka baada ya Kabaka wa Buganda kuzuiwa kwenda Kayunga, wengine walipigwa wakiwa majumbani mwao.

Najua jibu la Mbale: hayo ni ya Kampala, sisi tuko zaidi ya kilomita 200 huku chini ya mlima Wanale. Lakini barabara yetu ya Kampala hupita Tirinyi, ikaingia Busoga, Iganga na Jinja, kwa hiyo Busoga ikifungwa, sukari na mafuta ya taa hupanda bei hapa siku hiyo hiyo. Tena mji huu hauhitaji kuhadithiwa habari za askari na raia. Mwaka 1973 askari wa Amin waliizingira nyumba ya mtaa wa Malukhu waliyokuwamo vijana wa FRONASA, kundi lililompinga kwa siri. Wawili, Mwesiga na Kazimoto, walikufa. Kiongozi wao aliponyoka, na ndiye Museveni huyu. Mwezi wa pili wa mwaka huo huo Tom Masaba, aliyekuwa kapteni wa jeshi, alipigwa risasi hadharani hapa Mbale mbele ya umati. Wazee wetu wakati ule walitakiwa watazame. Sisi hatulazimishwi na mtu, na bado tunachungulia.

Basi tuanze na masikio, kwa kuwa ndiyo yatakayokuambia ukimbilie wapi, na macho hayatakusaidia.

Bomu la machozi likirushwa hutoa mlio mzito, mnene, kama mtu aliyepiga pipa tupu kwa ngumi, halafu kimya kidogo, halafu mfoko wa moshi. Risasi ya bunduki ya vita haina unene huo. Ikipita karibu nawe husikika kama mjeledi uliochapwa hewani, *pwa!*, na baada yake, mbali kidogo, ndipo unapokuja mlio wa bunduki yenyewe. Sababu ni kwamba risasi huenda kasi kuliko sauti yake. Ukisikia mjeledi kwanza na mlio baadaye, jua imepita upande wako. Usisimame kuuliza. Ukisikia mlio tu, bila mjeledi, huenda bado una nafasi: okota mtoto uingie ndani mara moja.

Halafu kuna jambo ambalo sijasikia likisemwa redioni, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Gesi na risasi zinataka mambo mawili yanayopingana. Gesi ya machozi ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini, hujaa kwenye mitaro na vyumba vilivyo chini ya usawa wa barabara. Anayelala sakafuni anaivuta yote. Ukitaka kuikwepa, panda juu, fuata upepo unakotoka, fungua dirisha la upande wa pili. Risasi nayo inataka ulale chini, ubaki ndani, na usiguse dirisha. Sasa vyote viwili vimekuja kwa pamoja, kama vinavyokuja mara nyingi. Ufanyeje?

Lala. Gesi itakuliza, itakukohoza, utaona kama unakufa, na kwa mtu mzima mwenye afya itakuachia baada ya robo saa au nusu saa ukipata hewa safi. Risasi haina nusu saa. Mbele ya macho yanayowaka na kifua kilicho wazi, chagua macho yawake. Anayehitaji uangalizi wa pekee ni mtoto mchanga, mwenye pumu na mzee wa kifua: hao watafutiwe chumba cha nyuma mapema, kabla ya mlio wa kwanza, na dawa ya kuvuta ya mwenye pumu ikae mfukoni mwake. Isiachwe kabatini.

Chumba cha nyuma ni kipi? Nyumba nyingi za Namakwekwe ni vyumba vya kupanga vilivyoshikana, mlango mmoja mbele, dirisha moja, paa la bati. Usidanganywe na neno ukuta. Bati halizuii risasi. Mlango wa mbao hauzuii, na ule mwembamba wa chuma hauzuii. Ukuta mmoja wa tofali moja, hasa tofali la kuchoma lililojengwa kwa udongo badala ya saruji, usiuamini. Hesabu kuta mbili kati yako na barabara. Kwa nyumba ya chumba kimoja, hiyo maana yake ni kwenda kwa jirani wa nyuma, na hilo ni jambo la kuzungumza naye leo mkiwa mnacheka, si siku ile mkigonga mlango wake kwa hofu. Mwambie: “Mama fulani, yakitokea ya kutokea, nitakuja kwako na watoto watatu.” Hakuna mwanamke wa Mbale atakayekukatalia. Atakachotaka ni kujua mapema ili asikudhanie mwizi.

Mkishaingia, kaeni chini, migongo ukutani, chini ya usawa wa dirisha na mbali na mstari wa mlango. Pazia lishushwe lipunguze vioo vinavyoruka. Kitanda cha mbao hakizuii kitu, lakini magunia ya mahindi au ya mchele yaliyopangwa mawili kwa upana, ukiwa nayo, ni afadhali. Watoto wapewe kazi, wahesabu maharagwe, wachambue mchele, chochote cha kuwaweka chini. Mtoto asiye na kazi hukimbilia dirishani, na mkubwa humfuata kumrudisha.

Na ukikutwa bado uko barabarani? Wamasaba, wenyeji wa Mbale, hawana haja ya kufundishwa umati. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwezi wa nane, imbalu, tohara ya vijana wetu, hufunguliwa Mutoto, na kila mtoto wa mji huu amekwisha kujua jinsi ngoma za kadodi zinavyoweza kumbeba mtu kilomita tano bila kujijua. Anajua pia kwamba umati una ukingo, na ukingoni ndipo mtu anapoweza kuchomoka. Ujuzi huo huo ndio wa siku ya fujo. Ukijikuta ndani ya kundi linalokimbia, usisimame wala usigeuke kupambana nalo. Kimbia nalo huku ukivuta pembeni, hatua moja mbele na nusu hatua kando, mpaka upate kichochoro. Mikono iwe mbele ya kifua kama bondia, ili mbavu zipate nafasi ya kuvuta hewa. Ndala ikivuka mguu, iache. Watu wamekanyagwa wakiokota ndala ya shilingi elfu tano.

Tofauti iko moja tu. Kwenye imbalu nyuma ya umati kuna mashangazi wanaocheka. Hapa nyuma kuna gari la askari.

Siku ikiwa na dalili mbaya, hata mavazi ni maneno. Kofia nyekundu ya bereti, waliyoipenda vijana wa People Power, vuguvugu la Bobi Wine, ilitangazwa mwaka 2019 kuwa ni vazi la jeshi, na raia anayeivaa anaweza kushtakiwa. Nguo yoyote yenye mabaka ya kijeshi ni vivyo hivyo, hata kaptula ya mtumba uliyonunua bila kufikiri. Lakini usikimbilie njano ukidhani ndiyo salama: Novemba 2020 waliovaa fulana za njano za chama tawala walivuliwa barabarani na waandamanaji, na waliodhalilishwa zaidi ni wanawake. Vaa kaki, kijivu, kitenge cha maua. Siku hiyo usiwe na rangi.

Na jifunze kutofautisha wenye silaha. Polisi wa kutuliza ghasia huvaa mabaka ya buluu na wengi hushika ngao na mabomu ya machozi. Wanajeshi huvaa mabaka ya kijani, na bunduki zao hazikutengenezwa kwa kutawanya watu. Ukiona buluu imeondoka na kijani imeshuka kwenye lori, siku imebadilika. Hata kama moshi umepungua, usitoke. Wabaya kuliko wote ni wasio na sare yoyote, jinzi na fulana na bunduki mkononi, kama walivyopigwa picha Kampala mwaka 2020. Hao huwezi kuwauliza namba ya kikosi.

Sasa Kiswahili. Hapa Uganda lugha hii imebeba historia nzito: kwa mama zetu wengi Kiswahili ni sauti ya mtu anayegonga mlango saa nane za usiku. Bunge liliiandika kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua ifundishwe shuleni kwa lazima, na bado kwenye kizuizi cha barabarani inabaki kuwa lugha ya bunduki. Wewe unayeyasoma makala haya una mtaji ambao jirani yako wa Lugisu au Ateso hana. Mgawie. Amri ni chache na ni zile zile: *simama, mikono juu, kaa chini, lala chini, toa kitambulisho, panda gari*. Nimeona mzee akichapwa fimbo kwa kuambiwa “kaa chini” akabaki amesimama. Hakuwa mkaidi, hakuelewa. Mfundishe mama wa nyanya hizo amri sita kwa jioni moja, na majibu yake.

Majibu yawe mafupi. “Ndiyo, afande.” “Natoka sokoni, afande, naenda nyumbani Namakwekwe.” Usianze na jina la jamaa yako aliye mkubwa jeshini, wala kuuliza kwa nini. Na sentensi ambayo ningependa kila kijana wa boda aijue kama anavyojua bei ya petroli ni hii: “Afande, kitambulisho kiko mfuko wa shati, naomba nikitoe.” Sema, ngoja, uone kichwa kikitikiswa, ndipo upeleke mkono, polepole, vidole viwili. Mkono unaoingia mfukoni bila taarifa, mbele ya askari wa miaka ishirini na mbili ambaye naye anaogopa, umewahi kumaliza watu. Ndaga muntu yako, yaani kitambulisho cha taifa, iwe mfuko wa shati, si ndani ya pochi ndani ya begi. Simu iwe imezimwa na imefichika. Kupiga picha kuna kazi yake na kuna waandishi wanaoifanya, wengine wamevunjwa mbavu kwa ajili yake. Kama umeamua kupiga, piga ukiwa nyuma ya kuta mbili, na kumbuka kwamba mng’ao wa kioo cha simu dirishani, kwa mtu aliye chini na anayetafuta mrusha mawe, ni shabaha.

Gesi ikikupata, toka kwenye moshi ukielekea upepo unakotoka. Usifikiche macho, kila ukifikicha unasaga ungaunga ndani. Vua miwani ya ndani ya jicho kama unavaa. Mwagia macho maji safi mengi, kutoka upande wa pua kwenda nje, dakika kumi ukiweza, halafu osha uso na mikono kwa sabuni. Nguo zivuliwe nje ya chumba wanamolala watoto. Kuhusu yale ya mtaani: mafuta ya taa kwenye kitambaa, kitunguu, limau, dawa ya meno chini ya macho. Mimi mwenyewe niliwahi kupaka dawa ya meno, nikapata maumivu ya aina mbili badala ya moja. Maji. Kopo lililorushwa usiliguse kwa mkono mtupu, hutoka likiwa moto wa kubabua, na lile ambalo halikulipuka liache hapo hapo lilipo, hata kesho yake, hata kama watoto wanasema linafaa kuwa taa ya kibatari. Na kuna yale maji ya rangi. Mei 2011 polisi wa Kampala waliwamwagia wapinzani maji ya rangi ya waridi. Rangi hiyo haiui, lakini hukutambulisha mitaa mitatu mbele, kwa hiyo badili shati kwanza, mengine baadaye.

Kwenye damu nitakaa kidogo, kwa maana hapa dakika tano za jirani huzidi saa nzima ya daktari.

Mtu amepigwa pajani. Damu haitoki kwa matone, inaruka kwa mapigo. Kwanza hakikisha risasi zimetulia au mvute nyuma ya ukuta kwa kumshika makwapani. Mwokoaji aliyekufa hajaokoa mtu. Kunja kitambaa, leso, fulana, chochote kilicho safi zaidi kati ya ulivyo navyo, kiweke pale pale penye tundu, na ukandamize kwa viganja viwili, viwiko vimenyooka, uzito wako wote juu yake. Usifunue kuangalia kama imekoma. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu. Ikiendelea kuruka, na ni mkono au mguu, funga kamba ya damu: chana kitenge upana wa vidole vinne, kizungushe juu ya jeraha, vidole vinne hivi kuelekea mwilini, si juu ya goti wala kiwiko. Funga fundo, weka mwiko wa posho juu yake, funga fundo la pili, kisha zungusha mwiko mpaka damu isimame. Atapiga kelele. Zungusha tu, hiyo ndiyo dalili kwamba umekaza kama inavyotakiwa. Ufunge mwiko usirudi, na uandike saa kwenye paji la uso wake kwa kalamu, kwa mkaa, kwa rangi ya mdomo. Asiifungue mtu mpaka hospitali. Jeraha la kinena au kwapa halifungiki hivyo. Hapo sukuma kitambaa ndani ya tundu kwa kidole mpaka lijae, na ukandamize.

Kifua ni jambo jingine: mkalishe nusu wima, funika tundu kwa kiganja, na akizidi kuhema, achia kiganja kidogo hewa itoke. Usimzungushie bandeji ya kubana. Usimpe maji hata akiomba kwa machozi, kwa kuwa atahitaji upasuaji. Usichokoe risasi.

Gari la wagonjwa linaweza lisipite. Boda itapita, kwa vichochoro. Dereva mbele, majeruhi katikati, wa tatu nyuma akimkumbatia na kukandamiza jeraha, mshikaki kamili, na kwa siku hiyo polisi wa barabarani atasamehe. Mpelekeni hospitali kubwa ya rufaa ya Mbale. Zahanati ya mtaa itawapotezea muda, na mji huu una benki ya damu ya kanda. Mwenye kundi la damu analolijua aliandike nyuma ya picha ya kitambulisho, kwenye karatasi iliyobandikwa. Ukipona na unataka kudai haki, kuna fomu ya polisi namba 3 ya majeraha. Ijazwe mapema, wakati alama bado zipo mwilini.

Akikamatwa mtu wenu, msikimbilie kulia. Anayeona aandike papo hapo: saa, mahali, rangi na namba ya gari, nguo za waliomchukua, nguo za aliyechukuliwa. Kama ni ile HiAce isiyo na namba ambayo watu waliibatiza drone, andikeni hata mkwaruzo wa mlango. Anayepandishwa gari na atoe jina lake lote kwa sauti, mara mbili, pamoja na jina la mwenyekiti wake wa mtaa, yule wa LC1. Halafu mwenyekiti na ndugu mmoja mtulivu waende kituo kikuu cha polisi, waulize, waandikiwe kwamba wameuliza. Katiba inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Dhamana ya polisi haina malipo, haijalishi nani amekuambia kuna “hela ya kalamu”. Na jina liandikwe sawasawa, lote, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Machi 2021 Waziri wa Mambo ya Ndani, Jeje Odongo, aliwasilisha bungeni orodha ya watu 177 waliokuwa mikononi mwa jeshi, baada ya miezi ya familia kuzunguka vituoni. Kwenye orodha kama hiyo, “Musa wa Mbale” hapatikani. Tume ya Haki za Binadamu nayo pia hupokea majina, si vilio.

Yaliyobaki ni ya kabla, na ni ya bei nafuu. Jerikeni mbili za lita 20, zimejaa, zimefunikwa: kwa watu watano ni lita nne kwa kichwa kila siku, kwa siku mbili. Unga, maharagwe, chumvi, mkaa. Dawa za mwenye kisukari na mwenye presha za wiki mbili. Fedha taslimu, noti ndogo ndogo. Siku ya uchaguzi ya Februari 2016 pesa za simu zilizimwa, na Januari 2021 intaneti yote ilikatwa siku moja kabla ya kura ikakaa gizani siku tano hivi. Aliyekuwa na milioni kwenye simu alikopa nyanya. Umeme wa Yaka nao hununuliwa kwa simu, kwa hiyo jaza yuniti mapema. Redio ya betri. Namba za simu tano zilizoandikwa kwenye karatasi, maana simu ikichukuliwa kichwa chako hakitakumbuka hata ya mkeo. Niliwahi kumwomba jirani anitajie namba ya mwanawe mkubwa. Akatazama juu, akatazama mkononi, akacheka.

Duka. Hapa najua nitaudhi watu. Mwenye duka wa Namakwekwe ana tabia ya kufunga nusu: mlango umeshushwa mpaka magotini, yeye amechutama ndani, anauza sukari kwa chini. Robo ya sukari ni shilingi chache tu. Funga, toka kwa mlango wa nyuma, nenda kwa jirani. Bidhaa ya thamani iondolewe usiku wa jana. Mwenye mtaji wa mkopo aende na daftari la wadeni chini ya shati, kwani hilo likiungua, duka limeungua mara mbili.

Kesho yake, ganda la risasi barabarani si la kuchezea wala la kuweka kabatini kama ukumbusho. Askari akilikuta kwako utakuwa na maelezo marefu. Usiwe wa kwanza kufungua, na usiwe wa kwanza kufagia matairi yaliyoungua, maana wapo wanaosombwa na kulazimishwa kuyaondoa kwa mikono. Tazama steji ya boda kwa mbali, ukiwa umekaa. Wakiwa wawili wamelala juu ya pikipiki zao, bado. Wakiwa saba wanagombana kuhusu mpira wa Arsenal, mambo yametulia.

Mimi mwenyewe namtegemea muuza chapati wa kona yetu. Akiwa amewasha jiko kabla ya saa moja, na mimi nainua mlango wangu. Asipowasha, nasubiri mpaka saa nne, kisha namtuma mtu mzima mmoja, mwenye kitambulisho kwenye mfuko wa shati, akatafute maziwa ya watoto.